Kupaka fremu za kioo cha rubani bila rangi kuvuja

Jumamosi mpwa wangu alikuja kwangu Tabata na Spitfire yake, ndege ya plastiki ya kuunganisha ya kipimo cha 1/72 (mara 72 ndogo kuliko ndege halisi). Kioo cha rubani kilikuwa kimetapakaa kijani. "Mjomba, nimeiharibu." Hakuwa ameiharibu. Tulikisafisha, tukaanza upya hivi.

Hatua ya 1. Osha vipande kwa sabuni, vikauke, paka praima (rangi ya msingi). Kioo usikipake praima.

Hatua ya 2. Nunua brashi moja nzuri, namba 0, yenye ncha kali. Wengi hukimbilia namba sifuri tatu (000) wakidhani ndogo ndiyo safi, lakini ile hubeba rangi kiduchu, na kwa joto la Dar hukauka kabla haijagusa plastiki. Kwa brashi mimi hutumia Vallejo, rangi ya maji. Rangi ya Tamiya ina spiriti ndani: kwa kupuliza ni tamu sana, ila ukiipaka kwa brashi, mkono wa pili (tabaka la pili) unabandua wa kwanza. Zima feni. Rangi iweke juu ya karatasi ya kuokea keki iliyotandikwa kwenye sponji lenye maji, itakaa laini saa nzima.

Hatua ya 3: kioo. Hapa nimewahi kupoteza usiku mzima, kwa hiyo soma polepole.

Tepu ya mafundi rangi ya Kariakoo inafaa, lakini ukingo wake una vinyweleo, na rangi hupita humo humo. Ibandike kwanza juu ya kipande cha kioo cha dirisha, ukate ukingo mpya kwa wembe mpya, kisha toa vipande vya upana wa milimita 1 au 2. Zungushia kila kidirisha cha kioo cha rubani, katikati jazia vipande vikubwa. Kandamiza kingo kwa kijiti cha meno, hasa kwenye kona.

Usianze na rangi. Paka kwanza vanishi angavu, nyembamba, juu ya kingo za tepu. Kama kuna upenyo, vanishi ndiyo itakayoingia na kuuziba, na haionekani. Ikikauka, paka kijivu-kijani cha ndani ya chumba cha rubani. Ukitazama kupitia kioo, fremu itaonekana na rangi yake kwa ndani. Mwisho ndiyo rangi ya nje, mikono miwili au mitatu myepesi.

Bandua tepu mara rangi inapokauka kuguswa, ukiikunja nyuma kabisa, taratibu. Usiiache hadi kesho. Joto letu huyeyusha gundi ikabaki kwenye kioo. Ikibaki, sugua kwa mafuta ya kupikia kidogo, kisha maji ya sabuni.

Rangi ikivuja? Kwangua kwa kijiti cha meno kilicholowa. Ikigoma, pamba yenye spiriti kidogo, na ujaribu kwanza pembeni. Tina ya rangi za magari usiisogeze hata karibu: hula plastiki, na kioo kikishapata ukungu wa tina hakirudi. Usipulize pia siku ya mvua za masika, unyevu huipa vanishi weupe.

Hatua ya 4. Dashibodi: paka nyeusi, kisha chovya brashi kwenye kijivu, ifute hadi ikaribie kukauka kabisa, pitisha juu ya miinuko. Kila geji ya dashibodi idondoshee tone la vanishi ya kung'aa kwa ncha ya sindano. Likikauka linakaa kama kioo chake.