Namna ya Kuchagua Siti ya Pikipiki Isiyochosha Safarini

Anayeendesha pikipiki kutoka Arusha hadi Moshi, mwendo wa takribani kilomita 80, mara nyingi huanza kuisikia siti yake kabla hajafika Boma Ng'ombe. Huanza kwa joto la makalio, likafuata ganzi, kisha kiuno kikaanza kuuma, na dereva akawa anajigeuza huku na huku wakati macho na akili vinatakiwa viwe barabarani. Wengi wakifikia hapo huenda kwa fundi na kuomba waongezewe sponji laini, na ombi hilo ndilo huzaa siti nyingi mbovu tunazoziona vijiweni. Siti isiyochosha ni ile inayoubeba mwili mahali panapostahili na isiyobonyea mpaka chini, hata kama mkono ukiigusa dukani unaiona ngumu kidogo.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwanza kwamba kosa ni la siti. Shokapu za nyuma zilizochoka hupeleka kila shimo moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, na usukani uliopinda humlazimisha dereva kukaa upande bila kujijua. Hayo yatengenezwe kwanza.

Mtu anapokaa wima, uzito wake unatakiwa kubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, ile unayoisikia ukikaa kwenye benchi la mbao. Siti ikiwa nyembamba, mifupa hiyo hukosa pa kuegemea na uzito huhamia kwenye nyama laini za katikati, ambako mishipa ya damu na ya fahamu hubanwa, na ganzi huanzia hapo. Ili kujua upana unaokufaa, weka kipande cha katoni juu ya kiti kigumu, ukalie kwa dakika chache huku umeinama kidogo mbele kama ulivyo kwenye pikipiki, kisha inuka utazame: utaona mabonde mawili. Sehemu ya siti unayoikalia lazima iwe pana kupita umbali kati ya mabonde hayo, na ibaki na nafasi kila upande. Upana huo, hata hivyo, uishie nyuma. Siti iliyotanuliwa mpaka karibu na tanki huyapanua mapaja na kuizuia miguu kufika chini, jambo la hatari kwa mtu anayesimama kila mara kwenye foleni au kwenye barabara ya vumbi yenye mteremko.

Kuhusu sponji, nasisitiza tofauti ambayo wauzaji wengi huipita: uzito wa sponji na ugumu wake ni vitu viwili. Sponji inaweza kuwa ngumu leo kwa sababu ya namna ilivyotengenezwa, lakini kama ni nyepesi, yaani ina hewa nyingi na malighafi kidogo ndani yake, itanywea upesi. Ndiyo maana mabaki ya godoro la bei nafuu, ambayo mafundi wengi huyatumia kwa kuwa yanapatikana kirahisi, huonekana mazuri siku ya kwanza na baadaye humwacha dereva amekalia plastiki. Mwombe fundi akuoneshe sponji kabla haijavalishwa kava. Ishike mkononi uone kama ina uzito, kisha iweke mezani, ibonyeze kwa kidole gumba mpaka chini na uachie: iliyo nzuri hukataa kidogo, hukubali polepole, na ikiachiwa hurudi mara moja bila kuacha alama. Ukisikia kidole kimegonga meza bila kutumia nguvu, mifupa yako nayo itagonga. Mpangilio ninaoupendelea ni wa tabaka mbili, ngumu na nzito chini kwa ajili ya kubeba, na laini kiasi juu kwa ajili ya ngozi. Tabaka la chini liwe kipande kimoja, kwa maana vipande vilivyounganishwa kwa gundi huachana na kufanya matuta.

Wapo wanaouza mito yenye jeli, na pia sponji ile inayobonyea polepole na kushika umbo la mwili. Zote mbili zina manufaa, lakini hali ya hewa ya kwetu huziamulia. Jeli ikiachwa juani hushika joto, na mtu aliyeegesha pikipiki mchana mjini Moshi ataijua anapoikalia. Sponji ya kushika umbo, kwa upande wake, hukakamaa kwenye baridi, na asubuhi za Juni na Julai huko Ngaramtoni zinatosha kuifanya iwe kama ubao mpaka mwili uipashe.

Angalia pia mlalo wa siti. Ikiinamia mbele, kila unapofunga breki utateleza hadi kwenye tanki, na anayeshuka kutoka Kibosho au Marangu atamaliza safari mikono ikiwa imechoka kwa kujisukuma nyuma. Mahali pa kukalia pawe tambarare au painuke kidogo sana mbele. Kama unabeba abiria, ukingo mfupi kati yenu humzuia asikusukume, ila usiwe mrefu kiasi cha kukunyima nafasi ya kusogea, kwa sababu kubadili mkao kidogo kidogo ndiko kunakopunguza uchovu. Siti ndefu zinazotengenezwa kwa ajili ya mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, zisikushawishi: sheria inaruhusu abiria mmoja.

Kava lisiwe la kung'aa na kuteleza, na mishono yake ikae pembeni. Mshono wa katikati huumiza, na matundu ya sindano hupitisha maji ya masika hadi kwenye sponji, ambayo ikilowa huchukua siku nyingi kukauka.

Siti unayoinunua ikiwa tayari imetengenezwa lazima ikae kwenye fremu bila kulazimishwa: ndoana ya mbele iingie, bolti zikutane na matundu yake, na vipira vya chini vyote viguse fremu. Siti inayocheza hata kidogo itapasua kitako chake kwa mtikisiko. Fundi akikuomba siti ya zamani ili akupunguzie bei, mkatalie, kwa kuwa utaihitaji ikiwa mpya haikukufaa, na mnunuzi wa pikipiki yako pia ataiulizia.

Usiamue kwa kukaa dakika moja, kwani siti laini hushinda daima kwa dakika moja. Kaa angalau dakika 20, miguu ikiwa kwenye vikanyagio na mikono kwenye usukani, au kubaliana na fundi kwamba utaiendesha mpaka Usa River na kurudi kabla hajapiga pini za mwisho za kava. Ukirudi, mwoneshe kwa kidole mahali panapouma. Kupunguza sponji kwa kisu wakati huo ni kazi ndogo kwake, lakini kava likishafungwa atakudai malipo mapya.