Jinsi ya kuuliza habari za jiko kabla hujapeleka jiko

Kama umetumwa kijijini kuuliza watu kama wako tayari kwa jiko jipya, liwe la gesi au jiko banifu (linalobana matumizi ya kuni), usiulizie mkutanoni. Nenda jikoni. Nimekusanya takwimu Morogoro na Singida kwa miaka 11, na makosa yangu makubwa yote yalianzia chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikaa pale mwembeni, wanaume mbele kwenye viti, akina mama nyuma kwenye mikeka. Nikauliza jiko banifu litapokelewaje. Mzee mmoja akasimama, akajibu kwa niaba ya wote kwamba litapokelewa kwa mikono miwili. Makofi. Nikaandika: "utayari mkubwa". Miezi minane baadaye tukarudi, na nyumba ya tatu tu nikalikuta jiko letu sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio. Mama mwenye nyumba akacheka. "Zuri sana mwanangu, ila sufuria yangu ya ugali haikai." Yule mzee wa mwembeni hajawahi kusonga ugali maishani mwake.

Habari ya vibali sitairefusha. Kama ni utafiti unaanzia COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, unashuka mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, wa kijiji, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi. Ila ukishafika kwa mwenyekiti, mwombe kwa heshima asikusindikize hadi ndani ya uwanja wa mtu. Akisimama pale pembeni, kitongoji kizima kitakuwa kinapikia gesi.

Fika wakati wa kupika: saa tano asubuhi, au jioni saa kumi na moja. Piga hodi, amkia, kaa unapooneshwa, hata kikiwa kigoda kilicho upande wa moshi. Omba nyanya ukate. Kabla ya swali lolote sema wazi kwamba kujibu hakuleti jiko la bure, na kukataa hakufuti jina la mtu popote. Hili lirudie mara mbili, maana watu wameshaandikishwa majina mengi na wageni wenye makaratasi.

Halafu maswali yenyewe. Fomu itakuambia uulize, "Je, kaya yako inatumia nishati safi ya kupikia?" Achana nayo. Neno "kaya" tu linamfanya mtu akae wima kama yuko mbele ya karani wa sensa. Uliza hivi: "Jana mchana mlipika nini?" Ugali na maharage. "Maharage mlipikia nini?" Kuni, kwa sababu yanakaa motoni muda mrefu. "Na chai ya asubuhi?" Gesi, watoto wanawahi shule. "Na mgeni akija usiku?" Mkaa. Ndani ya dakika tano umepata majiko matatu katika nyumba moja, kila moja na kazi yake. Kishikwambi changu kilikuwa na nafasi ya jibu moja tu, "nishati kuu", na tukawa tunawahesabu watu kuwa wamehamia gesi kumbe wamehamisha chai.

Sasa ugali. Omba uuone ukisongwa, usikubali kusimuliwa. Mafiga yako chini, mawe matatu yameikumbatia sufuria tumboni. Mama anakaa juu ya kigoda, mkono mmoja umeshika ukingo kwa kitambaa, mwingine unasukuma mwiko kwa nguvu zinazotoka begani. Sufuria haiendi popote. Chukua sufuria hiyohiyo, ugali wa watu wanane, uiweke kwenye mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Moto umepanda juu, kitako cha mtungi ni chembamba, na kila mwiko ukigeuka mtungi unacheza. Niliona mama akimwita binti yake wa miaka tisa aje ashikilie sufuria kwa vitambaa viwili, uso wake juu ya mvuke. Baada ya hapo mama akaamua mwenyewe: chai gesi, ugali mafiga. Uamuzi huo ndio ninaoukuta kwenye ripoti umeandikwa "jamii kutokuwa tayari kwa mabadiliko".

Wakenya walishalipitia hili. Jiko la mkaa lenye udongo wa kuchoma ndani, lililoenea Nairobi tangu miaka ya 1980, wazo lake lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Lakini halikubaki ndoo. Lilibanwa kiuno na kupanuliwa kitako, lisimame imara mtu anapokoroga, na likatengenezwa na mafundi wa jua kali kwa mabati waliyokuwa nayo.

Kuna takwimu utakazopewa ubebe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ifikapo 2034. Ni habari za kweli na ni nzito. Lakini usizifungulie mazungumzo nyumbani kwa mtu. Anayefuta machozi kwa upindo wa kanga kila siku haambiwi na wewe kuwa moshi ni mbaya. Muulize moshi unamsumbua lini. Wengi watakwambia masika, kuni zikiwa mbichi, kwa sababu hapo ndipo jiko linahamia ndani.

Kuhusu hela, usiulize kipato. Utadanganywa, na ni haki yako kudanganywa. Uliza gesi ilijazwa lini mara ya mwisho na nani alitoa hela. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, kopo la leo kwa hela ya leo. Gesi inataka elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, na anayeishi kwa kibarua cha siku hana siku yenye elfu ishirini, hata kama mwisho wa mwezi makopo yamemla zaidi ya hapo. Kuni nazo huonekana za bure kwa sababu anayezifuata ni mama na mabinti zake, na saa zao za porini hakuna anayezipigia hesabu. Mtungi unatoka mfukoni mwa baba. Kwa hiyo muulize na baba, peke yake. Na kama umekwenda baada ya mavuno, rudi tena Februari. Mtungi uliouona jikoni utaukuta mtupu chini ya kitanda.

Kabla ya kuondoka kitongojini, waulize akina mama unaowazoea: "Nani hapa hatujamfikia?" Orodha ya mwenyekiti huwa haina mpangaji wa chumba kimoja, haina binti wa kazi, ambaye ndiye anayepika, na mara nyingi haina mlemavu anayeishi uani kwa ndugu. Kwa njia hii nilifikishwa kwa mama mmoja asiyeona, upande wa Kilosa. Anapika mwenyewe, kwa kuni. Nilimuuliza kwa nini hataki gesi aliyoletewa na mwanawe. Akasema kuni zinaongea: zikishika zinalia, zikifa zinanyamaza. Nikamwambia gesi nayo ina sauti. "Ina sauti ikiwaka," akajibu, "na inapuliza vilevile moto ukizimika. Harufu ninaisikia, lakini nikiisikia si nimeshachelewa?" Nilikuwa nimehudhuria semina nne za majiko. Swali hilo sikuwahi kulisikia hata katika moja kati ya hizo.

Maneno ya namna hiyo yaandike kama yalivyosemwa, usiku huohuo, kabla hujayafanyia ufupisho. Kesho yake yatakuwa yameshageuka "changamoto za kiusalama".

Na urudi na majibu. Usitume barua pepe kwa mtendaji. Rudi mwenyewe, usome kwa Kiswahili, dakika kumi zinatosha, na usomee pia huko uani kwa wasiofika mwembeni. Tuliporudi Kilosa nilimsomea yule mama sehemu yake, nilipoandika kwamba gesi "inavuma". Akanikatisha. Hakusema inavuma, alisema inapuliza, upepo ndio unaovuma. Nikatoa kalamu, nikakata, nikaandika "inapuliza", kisha akaniambia niendelee.