SOMO: Tripodi ya lenzi ndefu (soma kabla ya kuja inboksi)

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Nina lenzi ya milimita 150-600, ninunue tripodi gani?" Naandika mara moja. Mimi napiga ndege wa pwani, mara nyingi Kunduchi maji yakishakupwa.

1. Pima mzigo wako. Sigma 150-600, ile nyepesi, peke yake inakaribia kilo 2. Ongeza kamera na pleti (kile kibamba cha kufungia lenzi kwenye tripodi).

2. Usiamini namba ya kwenye boksi. "Inabeba kilo 8" maana yake haitavunjika, basi. Hakuna aliyekuahidi kwamba haitatikisika, na kila kiwanda kinapima kivyake. Nenda dukani na kamera yako. Ifunge, vuta hadi 600, elekeza kwenye bango la ng'ambo ya barabara, kuza picha kwenye skrini mara 10, halafu gonga hudi ya lenzi (kile kikinga-mwanga cha mbele) kwa ukucha. Maandishi yakitulia ndani ya sekunde moja hivi, anza kuongea bei. Yakiendelea kucheza, aga. Muuzaji akikukatalia kujaribu, aga vilevile.

3. Miguu: bomba la juu lisipungue milimita 28, likifika 32 raha zaidi. Vipande vitatu kwa mguu ni bora kuliko vitano, maana kile cha mwisho huwa chembamba kama penseli. Kaboni ni nyepesi na inatulia haraka. Alumini si dhambi, utachoka bega tu.

4. Nguzo ya kati usiipandishe. Isipokuwepo kabisa ni heri.

5. Kichwa, yaani sehemu ya juu inayoshika kamera. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa na kichwa cha gololi (gololi moja inayoinama kila upande ukiilegeza), kizuri tu kwa lenzi fupi. Mdiria alikuwa anaelea hewani juu ya maji kando ya mikoko, nikalegeza gololi nimfuate, jasho likaniingia jichoni, nikaachia mkono nijifute. Lenzi ikainama mbele puu! Uzito wote ukaenda upande usiokuwa na mguu, tripodi nayo ikafuata, na chini palikuwa na jiwe la matumbawe. Hudi ilipasuka, pete inayoshika lenzi kwenye kamera ikapinda. Fundi alikaa nayo wiki tatu na laki tatu na nusu yangu ikaenda. Kwa hiyo:

Lenzi ya kilo 2 kwenda juu, tafuta kichwa cha gimbali. Lenzi inakaa kama iliyo kwenye bembea, ukiachia inabaki pale pale.

Funga kwa mguu wa lenzi, ule wenye kola (pete inayoizunguka lenzi). USIFUNGE kwa tumbo la kamera.

Legeza vifungo vyote vya kichwa, sogeza pleti mbele na nyuma mpaka lenzi isiiname kokote. Fanya hivyo ukiwa umeshavuta zumu, maana lenzi inayorefuka inahamishia uzito mbele.

Mguu mmoja wa tripodi uelekee inakoelekea lenzi.

Zile skrubu ndogo mwishoni mwa pleti usizitoe. Ndizo zinazozuia isichomoke.

6. Tumia rimoti, au taima ya sekunde 2.

MASWALI

Kipanga_Mbezi: Mkuu nina stendi ya simu ya elfu 45, itafaa?

Jibu: Soma namba 2.

Kipanga_Mbezi: Nimesoma. Sasa itafaa au haitafaa?

Jibu: Haitafaa.

Dada_Lenzi: Shikamoo kaka. Nina DSLR (kamera yenye kioo ndani) na tripodi nzito. Kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde picha safi, kwa sekunde 4 safi, ila kwa 1/15 zinacheza. Mbona kinyume?

Jibu: Marahaba dada, hili ndilo swali. Kioo cha ndani kikipanda kinaipiga kamera kofi, na mtikisiko wake unadumu sehemu ndogo ya sekunde. Kwa 1/500 shata inafunga kabla mtikisiko haujaonekana. Kwa sekunde 4, sehemu kubwa ya mwanga inaingia kamera ikiwa imeshatulia. Kwa 1/15 picha nzima inapigwa katikati ya fujo. Iweke kamera ili kioo kitangulie kupanda, subiri sekunde 2, ndipo shata ifunguke. Na zima kizuia-mtikisiko cha lenzi, hasa kama ni ya zamani: ikikosa mtikisiko wa mkono inaweza kujitikisa yenyewe.

Dada_Lenzi: Nimezima, nimeweka kioo, imekubali! Asante sana.

mtu_wa_moro: Hivi uliangusha kwa uzembe halafu unalaumu gololi?

Jibu: Uzembe ni wangu, nimeuandika mwenyewe hapo juu. Ila gimbali ingenisamehe.

Safari_Kwanza: Wiki ijayo naenda Mikumi. Nibebe tripodi?

Jibu: Iache. Hifadhini hushuki garini ovyo, na ndani ya gari hakuna pa kutanua miguu. Shona mfuko wa jinzi wenye zipu, usafiri nao mtupu, Morogoro ununue kilo 3 za maharage ujaze, uulaze kwenye dirisha, lenzi juu yake. Dereva azime injini, la sivyo yote haya bure.

Bahari_Tanga: Nyongeza: ukitoka kwenye maji ya chumvi, fungua vipande vyote vya miguu, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kivulini. Mchanga kwenye kufuli unasaga kama msasa.

mtu_wa_moro: Maharage au mchele?

Jibu: Mchele unakaa vizuri zaidi, unaishika lenzi. Maharage ni rahisi kuyapata barabarani.

Bahari_Tanga: Chochote utakachoweka, ukirudi kimwage. Mimi niliusahau mfuko kabatini miezi miwili, fukusi wakahamia kwenye begi la lenzi.