Namna ya kujua udongo ni wa aina gani kwa kutumia eneo, hali ya hewa na majibu ya maabara

Watu wengi wakishapewa karatasi ya maabara wanakimbilia pH, wanaona 5.6, wanasema udongo una tindikali basi kazi imeisha. Hapo bado hujajua aina ya udongo, umejua tu tindikali ya ule udongo uliokuwa kwenye mfuko. Ukitaka aina yake inabidi uweze kusema umetokana na mwamba gani, maji yanapita vipi ndani yake na una matabaka gani kwenda chini, na hayo yote maabara peke yake haiwezi kukwambia. Mi naanzia nje naingia ndani, yaani eneo kwanza, alafu hali ya hewa, maabara mwisho, na kabla sijafungua majibu ya maabara nakuwa nishaandika pembeni nategemea kuona nini. Ukishaziona namba kabla hujafikiri utajikuta unazitetea tu.

Tuanze na eneo. Pakua ramani ya mwinuko ya SRTM, ni ya bure, data zake zilichukuliwa na chombo cha anga mwezi Februari 2000 na kila pikseli ni kama mita 30. Ukiiweka kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, unapata mteremko, unapata maji yanakusanyika wapi, unaona kilele kiko wapi na bonde liko wapi. Ila pikseli ya mita 30 haioni kichuguu wala tuta wala kishimo, kwa hiyo miguu bado inahitajika. Jiulize swali moja la msingi, maji ya mvua yakifika hapa yanaondoka au yanakuja? Juu kwenye mgongo wa kilima maji yanaondoka, hewa inaingia, chuma kinapata kutu na udongo unakuwa mwekundu. Ukishuka rangi inageuka kahawia au njano, na ukifika chini ambako maji yanakaa muda mrefu unakuta kijivu chenye madoa ya kutu, maana hewa imekosekana na chuma kimeyeyuka kikahama. Mlolongo huu wa kutoka juu hadi chini unaitwa katena, jina alilolipa Geoffrey Milne miaka ya 1930 akifanya kazi Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukiambiwa "udongo wa kilima fulani" uliza sehemu gani ya kilima, maana mita 200 tu zinaweza kukutoa kwenye udongo mmoja zikakuingiza kwenye mwingine kabisa.

Angalia na ramani ya miamba. Graniti ina kwazi nyingi, madini magumu yasiyooza upesi, kwa hiyo inaacha mchanga mchanga, basalti haina hiyo kwazi na inaishia kuwa udongo wa mfinyanzi, mwekundu pale maji yanapotoka na mara nyingi mweusi wa kupasuka pale yanapotuama. Ila usiiamini sana ramani ya miamba, mwamba ulioko chini ya miguu yako sio lazima ndo uliozaa udongo unaoukanyaga, inawezekana udongo uliporomoka kutoka juu, au uliletwa na mto, au ni majivu ya volkano yaliyotua juu ya kitu kingine. Ukikuta mstari wa mawe katikati ya shimo, au mchanga unabadilika ghafla kutoka mwembamba kwenda mnene, shtuka, hapo kuna vitu viwili vimelaliana.

Shimo sasa. Chimba mita 1.5 hadi 2 au mpaka ugonge mwamba, mbali na barabara, kichuguu na sehemu walipolaza mifugo. Upande utakaousoma uwe unapigwa na jua maana rangi ukiisoma kivulini inakudanganya. Soma rangi kwa chati ya Munsell, kitabu cha vipande vya rangi za kulinganishia udongo, udongo ukiwa na unyevu alafu ukiwa mkavu, weka zote mbili. Gawa matabaka kwa macho na kisu, usigawe kwa rula. Kuna watu wanachukua 0 hadi 20 alafu 20 hadi 40 bila kuangalia, kumbe tabaka linabadilika kwenye 27, sampuli ya pili inakuwa mchanganyiko wa vitu viwili ambavyo kwenye ardhi havijachanganyika. Na ukianza kuchukua sampuli anzia chini kabisa upande juu, ukianzia juu udongo unaoporomoka utachafua matabaka ya chini. Tone la asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 litakuonyesha chokaa, likichemka ipo. Vunja bonge taratibu kwa mikono uangalie nyuso zake, zikiwa na utando mwembamba unaong'aa kama nta kwenye vijitundu na kwenye kuta za bonge, huo ni mfinyanzi ulioshuka na maji kutoka juu, na hiyo ni alama nzito sana utaihitaji baadaye. Zikiwa ni nyuso pana zilizosuguana, zimelala mshazari na zina michirizi, hapo una udongo unaovimba na kusinyaa.

Hali ya hewa watu huandika "mvua milimita 1,000 kwa mwaka" wanasonga mbele, na hiyo namba peke yake haina msaada mkubwa. Chukua wastani wa miaka 30, wa sasa ni 1991 hadi 2020, uweke mvua ya kila mwezi pembeni ya maji yanayoweza kupotea kwa uvukizi na mimea. Mwezi ambao mvua imezidi, ziada inaanza kujaza udongo, na udongo ukishajaa ndo maji yanapita kwenda chini yakiwa yamebeba kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Tuseme mwezi fulani mvua ni 210, upotevu ni 110, na udongo una nafasi ya milimita 80, basi zilizopita chini ni 20 tu. Fanya hivyo miezi yote 12. Sehemu mbili zenye milimita 1,000 hizo hizo, moja inapata zote kwenye miezi minne na nyingine kidogo kidogo mwaka mzima, ya kwanza inaweza kuchujwa sana kuliko ya pili hata kama jumla ni sawa.

Kama hakuna kituo karibu tumia CHIRPS, data ya mvua inayokadiriwa kwa setilaiti na vituo, ina mvua kuanzia 1981 kwenye vipande vya kama kilomita 5, na joto lichukue WorldClim, ramani za hali ya hewa za dunia nzima. Kwenye milima rekebisha joto mwenyewe, kila mita 100 ukipanda toa kama nyuzi 0.6, maana kipande cha ramani kimepewa mwinuko wa wastani na shimo lako linaweza kuwa mita 300 juu ya huo wastani. Alafu kuna kitu kinasahaulika sana, udongo una umri mkubwa kuliko data zako. Sahara ilikuwa na maziwa na majani miaka elfu kadhaa iliyopita. Kwa hiyo ukikuta udongo uliochujwa sana sehemu ambayo leo ni kavu usikimbilie kusema maabara wamekosea, inawezekana ulichujwa na mvua za zamani.

Maabara. Omba uwiano wa mchanga, silti (chembe za kati ya mchanga na mfinyanzi) na mfinyanzi, pH iliyopimwa kwenye maji na pH iliyopimwa kwenye chumvi ya KCl, kaboni, nitrojeni, CEC (uwezo wa udongo kushika virutubisho kama kalsiamu), kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, sodiamu, upitishaji umeme, na kama pH iko chini ya 5.5 ongeza alumini, usibane hela hapo. Cha muhimu kuliko yote, kila namba ije na njia iliyotumika. pH ya sehemu moja ya udongo kwa 2.5 za maji sio sawa na ya moja kwa 5. Njia ya Walkley-Black ya kupima kaboni haiunguzi kaboni yote, kuna maabara wanazidisha kwa 1.3 kufidia na wengine hawazidishi, uliza. Silti kwa Wamarekani inaishia milimita 0.05, kwa WRB, mfumo wa kimataifa wa kuupa udongo majina, ni 0.063, usipojua utalinganisha vitu ambavyo havilingani.

Kabla ya kutafsiri chochote zikague. Mchanga, silti na mfinyanzi zifike 100. pH ya KCl kawaida iwe chini ya ya maji, ikiwa juu basi ama udongo umechakaa sana au ni wa majivu ya volkano, ama mtu kabadilisha lebo. Kalsiamu na wenzake wakijumlishwa wakazidi CEC usiandike asilimia 130, hapo kuna chokaa au chumvi imeyeyuka kwenye kipimo. Upitishaji umeme kwenye maji yaliyokamuliwa toka udongo uliolowa ukizidi 4 dS/m ni udongo wa chumvi, na sodiamu ikifika asilimia 15 ya CEC ni udongo wa magadi. Na kwenye udongo mwekundu wenye chuma kingi angalia mfinyanzi kwa jicho kali, chuma kinaushika ukawa vipunje vigumu, kipimo kinauhesabu kama silti au mchanga, wakati vidole vyako vilikuambia kitu kingine shimoni. Hapo mi naamini vidole naomba warudie.

Tuchukue mfano wa kutunga tuone inavyokwenda. Shimo liko katikati ya mteremko, mwamba ni graniti, kuna kiangazi cha miezi mitano. Tabaka la juu lina mfinyanzi asilimia 22, la pili 31, na utando tuliuona. 31 kwa 22 ni 1.4, mfumo wa Marekani wa kuupa udongo majina unataka angalau 1.2 kama tabaka la juu lina mfinyanzi kati ya asilimia 15 na 40, kwa hiyo mfinyanzi umeshuka kweli. CEC ya tabaka la pili ni 6.2 cmol/kg, gawa kwa 0.31 unapata 20 kwa kilo ya mfinyanzi. Iko chini ya 24, basi mfinyanzi ni wa kaolini, mchovu, hauna nguvu ya kushika virutubisho. Kalsiamu 1.8, magnesiamu 0.6, potasiamu 0.15, sodiamu 0.05, jumla 2.6, ambayo ni asilimia 42 ya CEC. Sasa jina. WRB ya 2006 ilikuwa na mpaka wa asilimia 50, na 42 iko chini yake, kwa hiyo hapo ungeuita Akrisoli, udongo wa namna hii wenye besi (kalsiamu na wenzake) chache. WRB ya 2022 inauliza alumini inazidi hizo besi au haizidi, na tuseme pH ya shimo hili ni 5.8, hapo alumini ni kidogo mno, kwa hiyo unakuwa Liksisoli, ndugu yake wenye besi zaidi. Udongo ule ule, shimo lile lile, ndo maana ukiandika jina andika na toleo, la sivyo mtu atakuja kubishana na wewe bure.

Kupata jina lenyewe usirukie unalolipenda. WRB ina makundi 32 yamepangwa kwa foleni, unaanzia la kwanza unashuka, la kwanza ambalo udongo wako umetimiza masharti yake yote ndo lako, hata kama la mbele linaonekana tamu zaidi. Mfumo wa Marekani una oda 12 na foleni yake tofauti, na unadai ujue unyevu na joto la udongo hata kabla hujafika mbali, hapo ndo ile hesabu ya miezi 12 inalipa.

Sasa rudi kwenye ile karatasi uliyoandika mwanzoni. Kama ulitegemea udongo uliochujwa na pH imekuja 7.9, tafuta sababu kwa mpangilio, kwanza lebo, alafu chokaa kwenye mwamba, alafu vumbi au maji yanayoingia kutoka juu ya mteremko, alafu watu, maana majivu na chokaa ya shambani inapandisha pH ya juu wakati ya chini imebaki vile vile. Ndo faida ya kuwa na matabaka.

Mwisho linganisha na SoilGrids, ni ramani ya dunia nzima ya vipande vya mita 250 iliyotengenezwa kwa makadirio. Ikipishana na shimo lako, shimo ndo linashinda kwa sehemu hiyo. Ila shimo moja sio eneo, chukua kekee ya udongo utoboe vitundu vichache kwenda juu na chini ya mteremko, angalia rangi na mfinyanzi tu, na pale vinapobadilika weka alama ya GPS, huo ndo mpaka wa udongo wako.