Somo: Kuchagua na kutumia mashine ya kahawa ya nyumbani yenye kisagio ndani yake

Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi wa vyombo vya jikoni hapa Moshi, na mashine za kahawa zinazosaga zenyewe zinapita mezani kwangu mara kwa mara. Karibu kila mwenye nayo ananiuliza mambo yale yale, kwa hiyo nayaandika hapa kwa mpangilio, kisha tutajibizana.

Msimamo wangu nautoa mapema: usinunue kioo cha kugusa wala orodha ya vinywaji kumi na viwili. Nunua kisagio kizuri, na kikamulio (kifaa cha ndani ambamo maji hupitishwa kwenye kahawa) unachoweza kukitoa na kukiosha kwa mkono wako. Hayo mawili yakiwa sawa, mengine yanavumilika. Na ninaliandika hili kwa uchungu kidogo, maana arabika ya mlima huu inanunuliwa Japani kwa jina la Kilimanjaro na kunywewa kwa heshima zote, huku sisi tunaoilima tunakoroga unga wa kopo.

Hatua ya 1: Jua unataka kahawa ya namna gani

Mashine zenye kisagio ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya kutonesha: inasaga, maji ya moto yanadondokea kwenye kichujio, kahawa inashuka kwenye jagi. Hii inafaa familia kubwa au ofisi ndogo, mnapopenda kikombe kirefu.

Ya pili ni ya espreso (kahawa nzito ya kikombe kidogo) yenye mpini. Kisagio kipo juu, unasagia kwenye kikombe cha chuma chenye mpini, unashindilia mwenyewe, unafunga, unabonyeza. Breville Barista Express ndiyo inayojulikana zaidi. Ulaya inauzwa kwa jina la Sage. Inataka mkono na subira, na ukiizoea inatoa kikombe kitamu kuliko zote.

Ya tatu ni otomatiki kamili, kama De'Longhi Magnifica, Philips LatteGo na Jura. Unabonyeza kitufe kimoja, yenyewe inasaga, inabana, inakamua na kutupa machicha. Kwa mtu anayewahi kazini saa kumi na mbili asubuhi, na nyumba yenye watu ambao hawatajifunza kushindilia, mimi husema achukue hii.

Hatua ya 2: Kitazame kisagio

Uliza swali moja dukani: kinasaga kwa kisu au kwa meno? Kisu ni kile cha kuzunguka kama cha blenda. Kinakatakata ovyo, kinaacha vipande vikubwa pamoja na vumbi. Maji yakipita, vumbi linatoa uchungu na vipande vikubwa vinatoa ukakasi, vyote ndani ya kikombe kimoja, na hakuna namna ya kukirekebisha. Visu hivi utavikuta kwenye baadhi ya mashine za kutonesha za bei ya chini. Ziache.

Meno ni mawili yanayokabiliana, punje inapita katikati na kutoka ukubwa ulio karibu sawa. Yapo ya chuma na ya kauri. Ya kauri hayashiki kutu na hudumu makali, lakini jiwe moja likiingia yanaweza kuvunjika. Ya chuma yanavumilia zaidi. Kwa punje zetu za kununua sokoni, chuma.

Namba ya "bar 15" au "bar 19" kwenye boksi isikuvute. Hiyo ni nguvu ya juu ya pampu. Espreso yenyewe hukamuliwa kwa takriban bar 9.

Hatua ya 3: Fungua mlango wa pembeni

Kwa mashine otomatiki, hapa ndipo ninapowaomba msione haya mbele ya muuzaji. Mwambie akufungulie kikamulio ukione, yaani kile kifaa cha plastiki kinachopokea kahawa iliyosagwa, kuibana na kupitishiwa maji. Kwenye Magnifica unatoa tanki la maji, unafungua kimlango cha upande wa kulia, unabonyeza vitufe viwili vyekundu kuelekeana na kukivuta. Philips nayo inatoka. Jura haitoki: inasafishwa kwa vidonge maalumu, na ikitaka usafi wa ndani zaidi inafunguliwa na fundi. Jura ni mashine nzuri, ila kama uko mbali na fundi anayeijua na vidonge vyake huvipati kirahisi, utateseka.

Nikifungua mashine iliyokaa miezi bila kuoshwa nakuta tope jeusi limeganda kwenye pembe za kikamulio, juu yake ukungu wa kijani na mweupe. Mwenyewe analeta akisema "kahawa imebadilika ladha". Maji ya kahawa yake yalikuwa yakipita humo kila asubuhi.

Hatua ya 4: Umeme

Hakikisha imeandikwa volti 220 hadi 240. Nyingi zinakula kati ya wati 1,400 na 1,900, kwa hiyo isichangie kebo ya upanuzi na pasi au jagi la kuchemshia maji. Iliyotoka Ulaya bara ina plagi ya miguu miwili ya duara. Ibadilishwe na fundi kwa plagi ya pini tatu yenye waya wa ardhini. Adapta nyingi za bei rahisi hazina waya huo, na mashine hii inachanganya maji na umeme.

Hatua ya 5: Punje

Mashine bora ukiilisha punje mbaya itakupa kahawa mbaya. Tafuta pakiti yenye tarehe ya kukaangwa, si tarehe ya kuharibika peke yake. Wiki moja hadi mwezi na nusu tangu kukaangwa ndio wakati wake mzuri. Siku mbili tatu za mwanzo punje bado zinatoa gesi na kahawa inatoka na povu jingi lisilo na utamu.

Chagua zilizokaangwa wastani, za rangi ya kahawia. Zile nyeusi zinazong'aa mafuta zinajenga utando kwenye kisagio, punje zinakwama juu na hazishuki, mashine inaandika "weka kahawa" wakati chombo kimejaa. Zilizopakwa sukari au karameli usiziweke kabisa. Zinayeyuka na kugandisha meno.

Walio Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, msijaze chombo cha juu. Hewa ya pwani ina unyevu, punje zinalegea. Weka za siku mbili, nyingine zifungwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, kabatini. Friji hapana, zitavuta unyevu na harufu ya vitunguu.

Hatua ya 6: Kikombe cha kwanza na kurekebisha

Osha tanki, jaza maji, pitisha maji matupu vikombe kadhaa umwage. Kisha weka punje.

Otomatiki: pika vikombe viwili vya kwanza vya kumwaga, maana mifereji bado mitupu. Onja cha tatu. Ikiwa kahawa ni nyepesi, chachu na imetoka kwa kasi, saga laini zaidi. Ikitoka tone tone na ni chungu ya kuunguza, saga kubwa kidogo. Kirekebishio kiko ndani ya chombo cha punje, na kizungushwe wakati kisagio kinasaga tu, hatua moja kwa mara moja. Kikiwa kimesimama kuna punje zimebanwa katikati ya meno, ukilazimisha unavunja. Mabadiliko hayaonekani papo hapo. Subiri vikombe viwili au vitatu ndipo uhukumu. Wengi wanazungusha, hawaoni tofauti, wanazungusha tena, mwisho wanafika mbali kuliko walikotaka.

Yenye mpini: nunua mizani ndogo ya gramu, ni bei ndogo na itakufundisha mengi. Kwa kichujio cha vikombe viwili anza na gramu 18 za kahawa, sawazisha, shindilia wima bila kuinamisha mkono. Lenga gramu 36 za espreso kikombeni ndani ya sekunde 25 hadi 30. Ikifika mapema, laini, ikichelewa, kubwa. Shika kitu kimoja tu cha kubadilisha kwa wakati.

Ya kutonesha: gramu 60 kwa lita moja ya maji, saga ukubwa wa chumvi ya mawe iliyotwangwa. Usiiache juu ya sahani ya moto zaidi ya nusu saa. Hamishia kwenye chupa ya chai.

Maziwa yawe ya baridi unapoanza kuyatoa povu. Shika jagi la chuma kwa kiganja. Moto ukishakuwa mkali kiasi cha kutaka kutoa mkono, zima. Hapo ni kama nyuzi 60, ukipita sana utamu wake unapotea.

Hatua ya 7: Usafi

Kila siku: mwaga trei, futa bomba la mvuke papo hapo kabla maziwa hayajakauka, pitisha mvuke kidogo. Machicha yasilale zaidi ya siku tatu hata kama ni machache. Kila wiki: zima mashine kwa kitufe chake, isubiri imalize kujipanga, toa kikamulio, kiloweke kwenye maji dakika tano, kisugue chini ya bomba, kikauke. Bila sabuni, sabuni inaondoa grisi. Chokaa itolewe mashine inapokuambia, kwa dawa iliyotajwa kwenye kitabu chake. Siki hapana: inakula mipira na harufu yake haitoki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Niko Dodoma, maji yetu yanaacha ukoko mweupe kwenye jagi la umeme. Mashine itadumu kweli?

Jibu: Itadumu ukiwahi. Hiyo ni chokaa. Kwenye boksi huwa kuna kikaratasi cha kupima ugumu wa maji, kichovye kwenye maji yenu kisha weka kiwango hicho kwenye mashine, ili ikukumbushe kutoa chokaa mapema. Kuyachemsha, kuyaacha yatulie na kutumia ya juu tu kunapunguza. Kwa wenzetu wa Dar wenye visima vya maji ya chumvi, hilo ni jambo lingine: chumvi inakula chuma na dawa ya chokaa haiisaidii. Ninyi tumieni maji ya dumu la kununua.

Swali: Kaka yangu yuko Marekani anataka kuniletea yake. Niipokee?

Jibu: Mwambie aiuze huko huko akutumie pesa. Ya kule ni volti 120, ukiichomeka hapa inaungua. Utahitaji transfoma ya wati 2,000 au zaidi, nzito na ya ghali. Na hata ukiipata, umeme wao ni hezi 60, wetu 50, hivyo pampu inapiga polepole kuliko ilivyoundwa.

Swali: Umeme ukikatika katikati ya kukamua nifanyeje? Na LUKU inakula kiasi gani?

Jibu: Usifungue mlango wala kuvuta kikamulio, kimekwama nusu safari na ukilazimisha unavunja meno yake. Zima swichi ya ukutani. Umeme ukirudi na kutulia, washa, mashine itajirudisha yenyewe. Kuhusu LUKU, hata ikila wati 1,450 dakika tano mfululizo ni uniti 0.12 hivi. Hasara ni kuiacha imewaka siku nzima.

Swali: Assalaam alaykum. Niko Maskati, sisi tunapika kahawa na iliki. Naweza kuchanganya iliki na punje juu humo?

Jibu: Waalaykum salaam. Hapana ndugu yangu. Maganda ya iliki yana nyuzi zinazojisokota kwenye meno, na harufu haitoki tena. Vivyo hivyo tangawizi kwa wa kahawa chungu. Halafu punje za kahawa ya Kiarabu zilizokaangwa kwa wepesi ni ngumu sana, zinakichosha kisagio. Kahawa ile ni ya kuchemshwa, ipewe dele lake. Hii mashine iwe ya espreso.

Swali: Dada wa Bukoba hapa. Robusta yetu inafaa? Au mpaka arabika?

Jibu: Inafaa, dada, na inatoa povu zito la kahawia kuliko arabika. Kafeini yake ni karibu mara mbili, kwa hiyo anza na kipimo kidogo. Mimi napenda mchanganyiko wa robusta sehemu moja na arabika tatu kwa ajili ya kahawa ya maziwa. Ila ile kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa, isikaribie kisagio. Hata buni mbichi ya aina yoyote haisagiki humo.

Swali: Nina mtoto mchanga, kisagio kinamwamsha. Kuna dawa?

Jibu: Mashine nyingi otomatiki zina kifuniko cha kutilia kahawa iliyosagwa tayari. Saga jioni kwa kisagio kingine, asubuhi tia kijiko kimoja tu cha kipimo chake. Usizidishe, kikamulio kitakwama. Na usikosee tundu: ukimimina unga kwenye chombo cha punje itabidi kisagio kifunguliwe.

Swali: Mkuu, niko Mbinga, nakaanga kahawa ya shamba mwenyewe kwenye chungu. Niitumie vilevile?

Jibu: Itumie, una bahati. Ikoboe ganda la ndani liishe kabla ya kukaanga, na koroga bila kuacha ili isiungue upande mmoja. Ikishapoa imwage kwenye ungo, pepeta makapi, kisha ichambue kwa vidole mahali penye mwanga, maana kahawa iliyoanikwa chini ina vijiwe vya rangi ile ile. Ukisikia kisagio kimetoa mlio mkali wa chuma, zima hapo hapo, usijaribu tena hata mara moja. Chomoa waya, toa punje zote kwa kijiko au kwa kifyonza vumbi, inua meno ya juu na ukitafute kijiwe.