Nesi mpya unaanza kazi huku nyanda za juu kusini? Hivi ndo vya kubeba, na vingine viache kabisa

Kila wakimaliza wapya, wengine wamepata ajira, wengine wako intern, wengine wanajitolea huku wanasubiria ajira, swali ni lile lile, niende na nini wodini. Alafu siku ya kwanza unamkuta mtu ana begi la mgongoni limejaa utadhani anaripoti bweni, ndani stetoskopu mpya, mashine ya presha, vitabu viwili vya chuo, ukimuomba kalamu hana.

Mi nakushauri ugawe hivi. Kuna vya mfukoni, ambavyo mkono unavifikia bila kupiga hatua. Kuna vya begini, hivi ni vyako wewe kama binadamu, njaa yako, baridi yako, nauli yako. Na kuna ambavyo havitakiwi kuingia kwenye hilo begi hata kwa bahati mbaya. Ukigawa hivo utashangaa begi limekua dogo lenyewe.

Tuanze na mfuko. Pesa yako ya kwanza kabisa nunua saa yenye mshale wa sekunde, ile ya kubandika kifuani ndo nzuri maana ya mkononi inakuzuia kunawa vizuri na uchafu unakaa chini ya mkanda. Usiniambie utatumia simu, simu utaishika na glavu zile zile ulizomshikia mgonjwa alafu nyumbani unampa mtoto achezee. Na saa sio urembo. Chukua mfano mtoto ameletwa na kikohozi, unatakiwa uhesabu pumzi dakika moja nzima, sio sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, mtoto hapumui kwa mpangilio kama mtu mzima. Chini ya miezi 2 ukipata 60 na kuendelea hizo ni za haraka, miezi 2 mpaka kabla ya mwaka ni 50 na kuendelea, mwaka 1 mpaka 5 ni 40 na kuendelea. Na huku kwetu mwezi wa saba mtoto wa Uyole hapa Mbeya analetwa kavalishwa masweta matatu, kofia, juu yake khanga, juu yake blanketi, sasa we ukihesabia juu ya sweta unahesabu nini? Mwambie mama kwa upole, mama tumfunue kidogo kifua nimuangalie anavyopumua, msubiri atulie kwanza maana akilia hesabu yote imeharibika, ukimaliza mnamfunika haraka.

Saa hiyo hiyo ndo ya dripu. Mpira wa dripu wa kawaida wa watu wazima mwingi ni matone 20 kwa mililita 1, ila angalia pakiti yake imeandikwa, usikariri. Umeandikiwa mililita 1,000 ziishe kwa masaa 8: 1,000 mara 20 unapata 20,000, gawa kwa dakika 480, inakuja kama matone 42 kwa dakika. Kwenye sekunde 20 uone matone 14. Ile ya watoto yenye matone 60 kwa mililita ni rahisi zaidi, mililita za saa moja ndo matone ya dakika moja, ukiambiwa 30 kwa saa basi matone 30 kwa dakika, umemaliza. Hii kaiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako kabla hujafika wodini.

Daftari lenyewe liwe dogo la kuenea mfukoni. Wakati mnakabidhiana wodi andika namba ya kitanda, tatizo, dawa ya saa ngapi, dripu inaisha saa ngapi, kipimo gani majibu hayajarudi, basi. Majina kamili ya wagonjwa usiandike humo maana hilo daftari unapanda nalo daladala, likidondoka Kabwe pale stendi siri ya mtu imeshatoka. Na usije ukampa mtu dawa kwa kusoma hicho kidaftari, dawa inatolewa kwa chati na kwa kumuuliza mgonjwa jina lake, kidaftari ni cha kukukumbusha tu. Kurasa za nyuma waombe wenzako wenyeji wakuandikie unaulizaje "wapi panauma" na "umekula?" kwa lugha ya hapo ulipo, Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, inategemea umepangiwa wapi. Kuna bibi anatoka ndani ndani huko Kiswahili kinampiga chenga, ukimsalimia kwa kwao anakueleza ugonjwa wote.

Kalamu beba tatu, nunua zile za bei ya chini kabisa, kalamu nzuri wodini haina mwenyewe, daktari anakuja raundi anaazima ndo imetoka hiyo. Ya kubonyeza ni bora, za kofia zinavujia kwenye yunifomu nyeupe. Ongeza maka pen moja ya kuandika tarehe na saa kwenye plasta ya kanula (kile kimpira kinachoingia kwenye mshipa), na dripu pia andika kwenye kipande cha plasta ndo ubandike, sio unachora moja kwa moja kwenye chupa. Mkasi mdogo wa ncha butu, tochi ndogo (umeme ukikatika usiku kabla jenereta haijawaka utanikumbuka, na ya simu ni kali mno kumulikia jicho la mgonjwa), imetosha. Mfuko usiwe mzito.

Stetoskopu? Isubiri. Wodi nyingi ipo, na wewe mwezi wa kwanza mshahara haujaingia bado, hiyo hela nunua viatu. Kweli kabisa, viatu ndo vya kuwekea hela, vya kufunika vidole, soli isiyoteleza, vya kufutika maana damu na maji ya uzazi vinamwagika, sio raba ya kitambaa. Mitumba ya Mwanjelwa ukienda asubuhi na ukawa na macho unapata vizuri tu, vijaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo ndo saizi yako ya ukweli. Viache kazini kama mna makabati, kama hamna viwe na mfuko wake.

Sasa begi. Mtu aliyesoma Dar au Moro akipangiwa huku anakuja na kisweta cha kuendea harusini. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete ndo usiseme, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane nait (shifti ya usiku) ni baridi ya kuuma mifupa na wodi madirisha yanatakiwa yawe wazi hewa ipite. Kwahiyo sweta zito la kwendea na kurudia, na ndani ya yunifomu kitu cha kubana cha joto mikono mifupi, kwasababu ukienda kumgusa mgonjwa mikono inatakiwa iwe wazi kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini. Sweta la mikono mirefu lililogusa vitanda kumi ni gari la wadudu hilo. Soksi nzito pea mbili. Mafuta ya mgando kopo dogo, hili wengi hawalifikirii, unanawa mara hamsini kwa maji ya baridi, ukichanganya na upepo wa huku mikono inapasuka mpaka inatoa damu, na mkono uliopasuka ni mlango wa wadudu. Paka ukimaliza shifti.

Chakula usitegemee kantini, nait nyingi zimefungwa. Chupa ya chai ya tangawizi, viazi vya kuchemsha au maandazi, parachichi moja, ndizi za Tukuyu, karanga. Maji ya kunywa pia, huku kwasababu ni baridi mtu anasahau kunywa mpaka kichwa kinagonga. Kula kwenye chumba chenu, sio pale kwenye meza mnapochanganyia dawa, hata kama inchaji (mkuu wa wodi) mwenyewe anakula hapo.

Vingine kwa haraka: pedi hata kama tarehe bado, khanga (kina dada mnajua kazi zake ni nyingi), chaja au power bank, nauli ya chenji chenji maana shifti ya jioni ukitoka usiku bajaji hana chenji na wewe umechoka kubishana, mwavuli kuanzia mwezi wa kumi na moja. Yunifomu chafu iwe na mfuko wake peke yake, isichanganyike na hotipoti, na nyumbani ifuliwe peke yake. Kivuli cha leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na kadi ya chanjo ya homa ya ini B piga picha uweke kwenye simu, orijino ibaki nyumbani. Kama hiyo chanjo hujachoma au hujamaliza dozi zote tatu, ulizia wiki ya kwanza.

Visivyoingia begini. Dawa ya wodi hata panado moja, hata kama kichwa kinakuuma na imebaki, omba uandikiwe. Siku stoo ikipungukiwa na mabegi yakafunguliwa hakuna atakayesikiliza maelezo yako, nimeona mtu mzuri tu kachafuka jina kwa vidonge vinne. Glavu za wodi vile vile. Na sindano usiweke mfukoni hata dakika moja, hata kama ina kofia, nenda na safety box (boksi la kutupia sindano) mpaka kitandani. Ikitokea imekuchoma usikamue wala usisugue na spiriti, nawa na sabuni na maji yanayotiririka, mwambie inchaji hapo hapo, dawa za kinga ya VVU zianzwe mapema kadri inavyowezekana, mwisho masaa 72, usisubiri shifti iishe kwa aibu.

Begi lenyewe nunua la kufulika, litundike, sakafu ya wodi sio pa kuweka kitu unachokuja kuweka kitandani kwako. Na kabla hujasema haya wenzangu mbaki salama, papasa mifuko yote. Mpira wa kufungia mkono, chati iliyokunjwa, na zaidi ya vyote funguo za kabati la DDA (lile la dawa za kulevya zinazofungiwa), maana zikienda na wewe utapigiwa simu umeshafika Nzovwe umevua viatu, na bajaji ya kurudi unalipa mwenyewe.