Tangi la mwani sebuleni, maji ya Shangani

Wadau wa Mtwara, ukitaka kufuga mwani kwenye tangi nyumbani, chumvi ya dukani ya kutengenezea maji ya bahari ya nini na bahari yenyewe ipo hapo Shangani? Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari, na sio baada ya mvua kubwa maana chumvi inakuwa imepungua. Chuja na kanga, pima na haidromita (kile kipimo cha chumvi ya maji) isome kama 1.025, joto 25 mpaka 27.

Tangi la lita 60 linatosha kuanzia. Mchanga kidogo, mawe, pampu ya kuzungusha maji, taa nyeupe ya LED masaa 8 hivi. Dirishani usiweke, jua la huku litakuchemshia.

Sasa mwani wenyewe, ukutikise kwanza kwenye ndoo ya maji ya bahari, vikaa vidogo vinajificha humo balaa. Kaulepa, aina ya mwani wa kijani, inashika haraka ila ndo yenye visa, yangu niliiacha ikajazana, asubuhi naamka maji meupe kama tui, majani yamebaki kama nailoni, kumbe usiku imemwaga mbegu zote ikafa na samaki wawili wakaenda nayo. Kwahiyo ipunguze kila wiki. Ukitaka amani tafuta kaetomofa, ile kama uzi wa kijani umevurugika. Ndani ya hifadhi ya Mnazi Bay usichume bila kibali.

Maji yakipungua kwa kukauka ongeza yasiyo na chumvi, chumvi yenyewe haipai na mvuke. Mwani ukipauka usikimbilie kuongeza taa, mara nyingi ni njaa, lisha samaki vizuri mavi yao ndo mbolea.